Kijito Kinapita Sebuleni kwa Mama

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye viatu vya mpira amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ameinamia chombo cha manjano kinachoenea kiganjani. Anasubiri setilaiti zijitokeze kwenye kioo. Tatu. Sita. Tisa. Chombo kinatoa mlio mfupi, kisha kinamwarifu kwamba amesimama majini.

Anatazama miguu yake. Sakafu ni kavu, imefagiliwa muda si mrefu. Kuku mmoja anapita kati ya viatu vyake bila kuomba radhi.

"Umefika kina gani?" mama yake anauliza kutoka ndani.

"Katikati kabisa, mama."

"Haya, ukimaliza kuogelea nipe hilo beseni."

Kwenye ramani ya manispaa, kijito kinaingia nyumba hii kwa mlango wa uani, kinakatiza sebule baina ya kochi na kabati la vyombo, kinatokea dirishani na kuelekea kwa jirani. Kijito chenyewe, kile chenye maji na vyura, kiko nyuma ya matete, hatua sitini hivi kutoka hapa. Ukinyamaza unakisikia.

Ukutani, kando ya mlango, kuna X nyekundu iliyochorwa kwa brashi pana. Chini yake pameandikwa: siku 30. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Na mtu aliyekipima kijito hicho, akakipeleka ofisini kwa mikono yake mwenyewe, ndiye huyu aliyesimama kizingitini.

Ofisini na mtaani wanamwita Nukta. Ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka tisa amekuwa mkusanyaji wa alama za ramani kwa mkataba wa miezi sita sita, unaohuishwa kila unapokufa. Kazi yake ni kutembea. Akifika kwenye bomba la maji anasimama, anabonyeza, anapata nukta. Akifika kwenye nguzo ya umeme, nukta. Choo cha shule, kaburi, daraja, shimo la majitaka lililoibiwa mfuniko, nukta. Amekwishakusanya zaidi ya elfu kumi na nne. Ameng'atwa na mbwa mara nne, na jozi moja ya viatu humkalia miezi minne ikijitahidi.

"Mimi ni miguu yao," anasema. "Wao wana macho, wana kompyuta, wana feni. Miguu ndiyo mimi."

"Wao" ni wengi kuliko mtu anavyodhani. Nukta hizo huingizwa kwenye mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao ofisini huitwa mfumo, basi. Ni ramani iliyotandikwa matabaka, mithili ya shuka nyepesi zinazoonyesha, moja juu ya nyingine. Mhandisi wa maji hufunua shuka la mabomba akatafuta panapovuja. Zimamoto hutafuta njia ambayo gari lao litapita bila kukwama. Mthamini wa majengo hutazama barabara iko karibu kiasi gani. Afisa elimu huhesabu watoto wanaovuka barabara kuu kwenda shule. Kila mmoja ana fani yake, lakini wote wanakanyaga alipokanyaga Nukta.

Miaka mitatu iliyopita, watu waliharisha mfululizo katika mitaa miwili. Afisa afya aliweka nyumba za wagonjwa juu ya shuka la mabomba arobaini na matatu aliyoyapima Nukta, na nyumba zikaonekana zimelizunguka bomba moja kama nzi. Bomba lilifungwa Ijumaa. Wiki iliyofuata wodi ikapumua.

"Siku ile nilijiona mtu," anasema. "Nilisema, kumbe huku kutembea kwangu si bure. Ningekosea hatua ishirini tu, wangefunga bomba zima na kuliacha bovu."

Ndiyo maana alipoiona X ukutani kwa mama yake, hakukimbilia kulaumu. Alidhani ramani inajua jambo ambalo yeye halijui.

Kabla ya X walikuja watu wengine, na mama anawasimulia kama anayesimulia harusi iliyoharibika. Wa kwanza alikuwa mpuliziaji dawa wa idara ya afya, na pampu mgongoni.

"Akaniambia, mama, nimeletwa kwenye mazalia ya mbu, mtoni. Nikamuuliza, yako wapi? Akatazama simu yake, akatazama kochi langu. Akasema, mama, mimi mwenyewe nashangaa, lakini ni hapo. Nikamwambia, mwanangu, mito ninayoijua humu ni hiyo miwili ya kuegemea, na hakuna mbu aliyezaliwa humo."

Baada ya siku nne wakaja zimamoto wawili na mpira mnene. Walikuwa wanakagua mahali wanapoweza kunyonya maji moto ukitokea, na orodha yao ilisema uani kwa mama kuna maji mwaka mzima.

"Hao walikuwa na adabu," mama anasema. "Walivua viatu kabla ya kuingia kuutafuta mto."

Wa tatu alikuwa mzee mmoja mpole mwenye ndoo ya rangi. Sheria ya manispaa inakataza nyumba kusimama ndani ya mita thelathini kutoka ukingo wa kijito, na yeye alipewa orodha ya nyumba kumi na moja, mstari mzima. Alikunywa chai ya mama kwanza, akashukuru, ndipo akachora.

Jioni ile mama alimpigia binti yake. "Nikamuuliza, wewe si ndiye mwenye ramani? Mbona nyumba yetu imeliwa na mto nawe unatazama? Akanijibu, subiri niangalie. Akaja, akaangalia. Nikaona anakaa chini, tena sakafuni, na viti vipo."

Alichokiona ni kizingiti. Mstari wa buluu haukupita ovyo. Ulipita mlango hadi mlango, nyumba zote kumi na moja, kama mtu anayekusanya michango. Na kila mstari ulipopinda, ni pale pale alipokuwa amesimama yeye miaka sita nyuma.

Mwaka ule alitumwa kukipima kijito wakati wa mvua. Kingo zilikuwa tope, matete yalikuwa yamesongamana, na chini ya miti mikubwa chombo hakikuona setilaiti hata moja. Kwa hali kama hiyo wakusanyaji wana njia yao, nayo inaruhusiwa kabisa: usipokifikia kitu, simama mahali peupe unapokiona, chukua nukta ya hapo, kisha pima kwa kamba kutoka miguuni pako hadi kwenye kitu na uandike umbali na upande. Kompyuta itasogeza nukta yenyewe baadaye. Mahali peupe kuliko pote palikuwa vizingiti vya milango ya uani. Akabisha hodi nyumba kumi na moja. Alisimama, akabonyeza, akavuta kamba, akaandika. Kwa mama yake aliandika: mita 46, mashariki.

Kisha manispaa ilibadilisha mfumo.

"Mfumo mpya haukuwa na nafasi ya safu hizo mbili, ya umbali na ya upande," anaeleza mkuu wa chumba cha ramani, mwanamume wa makamo ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. "Tukahamisha nukta, safu zile tukaziacha. Hakuna aliyejua zina kazi gani."

Nukta amekaa kiti cha pili. Hamtazami.

"Mngeniuliza."

"Ulikuwa nje, unapima."

"Simu ninayo, mkuu."

"Ni kweli," mkuu anakiri, na kuvua miwani. "Simu unayo."

Hivyo umbali ukafutika, vizingiti vikabaki, na kompyuta ikaunganisha vizingiti ikaviita kijito. Mtu angedhani ni jambo la kusahihisha kabla ya chai ya saa nne. Nukta naye alidhani hivyo.

Kumbe shuka la kijito lilikuwa limeshanakiliwa na idara saba. Kila moja ilikuwa na nakala yake, na kila moja ilikuwa imeitumia nakala hiyo kwa mambo yake. Ukirekebisha ya mipango miji, ya afya bado ina mto sebuleni. Ukirekebisha ya afya, mthamini ameshashusha thamani ya nyumba kumi na moja kwa kuwa zina unyevu. Idara moja ilimwambia alete barua kutoka idara nyingine, ile nyingine ikamwambia barua hutoka kule alikotoka. Kwa siku tatu alizunguka ngazi za jengo moja, ghorofa ya kwanza hadi ya nne, na anasema hajawahi kupotea porini kama alivyopotea mle ndani.

Na kulikuwa na ugumu mwingine. "Yeye ni mtoto wa mwenye nyumba," anasema mkuu. "Akikisogeza kijito yeye, watu watasema amekisogeza kwa ajili ya mama yake."

"Na alipokisogeza yule wenu wa kompyuta, kilisogea kwa ajili ya nani?" Nukta anauliza.

Mtaani, majirani hawakuhitaji jibu. Bombani walimpokea kwa maneno: "Nukta, leo kijito kinalala kwa nani?" Na mwingine, bila hata kuinua macho kwenye ndoo: "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Mwenye kauli hiyo naye ana X ukutani.

Ushahidi upo. Ni daftari la jalada gumu, lenye harufu ya ukungu, alilolitoa chini ya kitanda. Kurasa zake zimejikunja kwa mvua, lakini maandishi yanasomeka kwa sababu ni ya penseli. Wakusanyaji hawatumii kalamu ya wino masika, wino hulia. Humo mna mistari kumi na mmoja. Hamsini na mbili. Arobaini na sita, ya mama. Thelathini na nane. Arobaini. Zote zinazidi thelathini, nyumba zote salama.

Zote ila ya mwisho. Mstari wa kumi na moja unasema: mita 27.

Nyumba hiyo iko mahali kijito kinapopiga kona. Anaishi humo mama mdogo wa Nukta, mdogo wa damu wa mama yake, mjane anayekodisha viti vya shughuli. Viti mia mbili vimepangana uani kwake hadi juu ya dirisha.

Kwa ramani mbovu, nyumba kumi na moja zinabomolewa. Kwa ramani sahihi, kumi zinapona na mama mdogo anabaki peke yake upande wa pili wa sheria.

Mama mdogo hakuchelewa kuja. Alikuja mchana, akamkuta Nukta kwa mama yake, na daftari liko mezani. Mwandishi wa gazeti hili alikuwepo; hakuna aliyemfukuza.

"Ni penseli hiyo?" akauliza.

"Ni penseli, mama mdogo."

"Ufutio unao?"

"Ninao."

"Basi mwanangu, mbili na tatu ni ndugu. Mkia tu unawatenganisha. Fanya thelathini na saba, twende tukapike."

Nukta akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikikufutia wewe, mama mdogo, hata hiyo arobaini na sita ya mama nani ataiamini?"

"Ataiamini anayetaka. Mimi nimekubeba mgongoni, sijakuuliza una kilo ngapi."

Mama wa Nukta alikuwa anapanga vikombe kabatini, akivitoa na kuvirudisha.

"Dada, na wewe sema basi," mama mdogo akamwambia.

"Niseme nini? Nyumba yangu imepona. Mdomo wangu hauna haki leo."

Kinachomtesa Nukta si hofu ya kusema ukweli. Ni kwamba ukweli wenyewe haujui. Ile ishirini na saba ilipimwa maji yakiwa juu, kutoka kizingitini hadi maji yalipoishia siku ile. Kiangazi maji hurudi nyuma, labda mita tano, labda sita. Lakini miaka sita imepita, na kona hula ukingo. Pengine leo ni thelathini na mbili. Pengine ni ishirini na nne.

"Akinitaka nifute mbili niandike tatu, siwezi hata kumwambia kwamba huo ni uongo," anasema. "Huenda nikiifuta ndipo naandika kweli. Sasa hapo mtu anashika lipi?"

Aliwauliza wataalamu. Siku ya ishirini na mbili idara zilikutana kuhusu suala hilo, naye aliitwa kuleta daftari. Swali lilikuwa dogo: kijito kinaanzia wapi? Mhandisi wa maji alisema kinapimwa katikati ya mkondo, kama mtu mwenye akili yoyote anavyojua. Afisa afya alisema kwake kijito ni popote maji yanaposimama siku saba, hata unyayo wa ng'ombe. Afisa wa zimamoto alisema kwao ni pale mpira wa kunyonyea unapofika. Mtu wa mazingira alifungua sheria na kusoma kwa sauti: "ukingo." Wakamuuliza, ukingo upi, wa masika au wa kiangazi? Akafunua ukurasa, akaufunua tena, akafunga kitabu.

"Miaka yote nilidhani wao wanajua, mimi natembea tu," Nukta anasema. "Nimecheza kando ya kijito kile sijaota meno ya mbele. Nilitoka mle ndani sijui kijito ni nini."

Usiku wake wa kuamkia mkutano ule haukuwa na usingizi mwingi, na asubuhi ufutio ulikuwa bado ndani ya mkebe. Aliliweka daftari mezani mbele ya idara zote kama lilivyo, mistari kumi na mmoja. Juu yake aliweka barua ya nusu ukurasa aliyoiandika kwa wino. Mkuu wa chumba cha ramani aliisoma kwa wote. Ilisema kwamba nukta ya kumi na moja aliipima siku ya mvua, maji yakiwa juu, na hana hakika nayo. Kwamba mwenye nyumba ni mama yake mdogo. Kwamba anaomba ipimwe upya na mtu asiyemjua yeyote katika mtaa huo, na kabla ya kupima, wakubwa wakubaliane kwa maandishi ukingo ni upi.

"Ile sentensi ya mwisho iliwachoma," mkuu anasema, na usoni kwake kuna kitu kinachofanana na fahari. "Watu wote wale wenye vyeti, na swali limetoka kwa mwenye viatu vya mpira."

Siku ya ishirini na tano, mzee wa ndoo ya rangi alirudi na rangi nyeupe. Alifuta X kumi. Kwa mama alikunywa chai tena, safari hii baada ya kazi. Yule jirani wa methali ya kisima alimpitia Nukta bombani, akamjazia ndoo bila kusema neno, ambayo ndiyo namna yake ya kusema.

Ya kumi na moja haikufutwa. Mzee aliongeza tu neno chini yake: imesitishwa. Mpimaji ataletwa kutoka manispaa nyingine, Jumanne ya wiki ijayo. Ukingo, wamekubaliana, ni ule wa juu, mahali ardhi inapoanza kushuka, maji yawepo yasiwepo. Hakuna anayeweza kusema kama uamuzi huo ni rafiki au adui wa mama mdogo. Nukta ameshakwenda kuutazama ukingo huo mara tatu kwa macho matupu, na kila mara ameona jambo tofauti. Hakubeba chombo. Aliogopa angebonyeza.

Idara nyingine bado hazijasahihisha nakala zao. Juzi mpuliziaji dawa alibisha hodi tena kwa mama, karatasi mpya mkononi.

"Nikamwambia, mwanangu, umehama," mama anasema. "Akaniuliza, nani? Nikamwambia, mto."

Mkataba wa Nukta unakwisha mwezi ujao, na hajui kama utahuishwa. Ameandaa fomu yake mwenyewe, ukurasa mmoja, anayotaka iambatane na kila nukta itakayoingia kwenye mfumo. Ina maswali matatu tu: nani alisimama, alisimama wapi, na kitu chenyewe kilikuwa wapi. Mkuu ameichukua. Amesema ataipeleka juu. Nukta ana mpango wa kuifuata huko juu, ghorofa baada ya ghorofa, kwa kuwa sasa ngazi anazijua.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa Jumanne ameomba ruhusa ya siku moja. Hatakwenda kijitoni kumtazama mpimaji akivuta kamba. Atakaa ndani kwa mama mdogo, mlango wa uani ukiwa umefungwa, mpaka mtu aje kubisha na namba mkononi.

Alimpigia mama mdogo kumwambia hivyo. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu siku ya ufutio.

"Unakuja mikono mitupu?" mama mdogo akauliza.

"Nije na nini, mama mdogo?"

"Njoo na maboksi. Makubwa. Nikihamishwa tutapakia vyombo. Nisipohamishwa tutayakalia tunywe chai, maana viti vyangu vyote mia mbili vimekodiwa siku hiyo."